Kibuyu cha Kwanza cha Ta Rwechungura

Vijana mnaokamua lubisi, pombe yetu ya ndizi, siku hizi, mmekuja kwangu mara nyingi kuniuliza habari za nyasi. Basi nitaanza na nyasi, msije mkasema mzee amewaita bure. Chagueni zile nyembamba zenye makali, zikatwe asubuhi na kuachwa zinyauke kidogo juani. Zikiwa mbichi mno hutoa maji ya kijani, na pombe ikanuka kama zizi. Zikiwa kavu mno hukatikakatika chini ya miguu, nanyi mtashinda mkitema vipande. Kazi ya nyasi ni kuishika nyama ya ndizi wakati mnapokanyaga, ili maji matamu, yale tuyaitayo omuramba, yashuke safi ndani ya mtumbwi wa kukamulia. Mtama uliokaangwa na kusagwa ndio unaoyageuza kuwa pombe. Ni hayo tu. Mengine yote ni subira na miguu iliyooshwa.

Niliyoyafahamu nimeyasema, lakini sina hakika kama mimi ndiye wa kuwafundisha. Shule nilisoma mpaka darasa la nne tu, kisha baba akanitoa nikasaidie shambani. Kalamu nimeishika kwa sababu ya mazoea ya kuandika jioni, mistari miwili mitatu, mvua ilinyesha au haikunyesha, nani alikuja. Sasa nataka kuandika jambo refu zaidi, nalo linanitia haya. Mtaona wenyewe.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Ta, yaani Mzee, Rwechungura wa Kishanda. Ninyi mlizaliwa yeye ameshakufa. Enzi za Mwingereza hakukuwa na mkamuaji wa kumfikia kuanzia Nshamba mpaka huko ziwani, na nasema hivyo nikijua kwamba watu wa Nshamba walikuwa na mtu wao waliyemsifu vilevile. Sikuwahi kuionja pombe ya huyo mtu ikiwa katika hali nzuri, kwa hiyo nisimpunje.

Ta Rwechungura alikuwa na ulimi wa ajabu. Ukimpa tone alikuambia ndizi zilivundikwa juu ya jiko au kwenye shimo, na mtama ulikaangwa na mwanamke mwenye haraka au asiye na haraka. Alikuwa pia na ulimi wa namna nyingine. Siku yangu ya kwanza ya kukanyaga alinitazama muda mrefu, akawauliza wenzangu ni nani amemtia kuku ndani ya mtumbwi. Nikakaza mguu. Akasema sasa kuku ameona mwewe.

Hakunipiga hata mara moja, ingawa siku moja nilistahili. Hiyo ni habari ya Miembeni, nayo niwasimulie mpate kucheka kidogo kabla ya mengine. Tulipata mteja huko Bukoba mjini, mtaa wa Miembeni, mwenye nyumba ya kuuzia pombe. Nikatumwa kupeleka vibuyu kwa lori lililobeba kahawa. Barabara ilikuwa mbaya, nami niliogopa pombe isimwagike. Nikavijaza vibuyu mpaka shingoni, nikaviziba kwa majani ya mgomba nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Lubisi iliyo changa bado inapumua. Ukiiziba namna hiyo ni kama kumfunga mbuzi mdomo na pua. Tulipofika mahali pa kona nyingi kibuyu cha kwanza kikapasuka, kikafuata cha pili, na karani mmoja aliyekuwa amevaa suti nyeupe ya kwenda kwenye harusi akaanza kunuka kama kilabu. Alinitukana mpaka mjini kwa Kiswahili, kwa Kihaya, na kwa Kiingereza, ambacho sikukielewa na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Nilirudi Kishanda mikono mitupu. Ta Rwechungura akasikiliza, akauliza kama suti ilikuwa nyeupe kweli, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo najua: acheni nafasi ya ngumi moja shingoni mwa kibuyu, na kizibo kilegee.

Ndivyo alivyokuwa mtu huyo. Sasa nisikilizeni habari ya uzee wake.

Mnajua desturi yetu. Pombe ikiiva, kibuyu cha kwanza ni cha mkubwa. Mwenye shamba humpelekea baba yake, na mkamuaji humpelekea mwalimu wake. Kabla mkubwa hajaonja na kusema imeiva, hakuna mwingine anayetia mrija mdomoni. Na kibuyu hicho hakikataliwi. Baba akikataa kibuyu cha mwanawe, watu wataelewa kwamba amemtupa. Mwalimu akikataa cha mwanafunzi wake ni vivyo hivyo.

Ta Rwechungura alipokuwa na nguvu, vibuyu hivyo havikumdhuru. Alikuwa akizunguka, akila vizuri, akikanyaga, jasho likimtoka. Alionja, akasema neno lake, akampa mtu mwingine. Kisha magoti yakamshinda. Mke wake akafa. Akabaki nyumbani kwa mwanawe Kagaruki, ambaye alikuwa seremala mjini na kuja shambani siku za Jumamosi tu, akitunzwa na mkwewe Kokugonza, mke wa Kagaruki. Na sisi wanafunzi wake tulikuwa wengi wakati huo, tumetawanyika vijijini, kila mmoja anakamua. Kila mmoja alipokamua, alikumbuka adabu.

Kwa hiyo vibuyu vilikuja. Leo kutoka kwangu, kesho kutoka kwa mwingine, kesho kutwa kutoka kwa wawili. Tulishindana kidogo, nitasema kweli. Ilikuwa ni sifa kusikia Ta amesema pombe ya fulani imeiva sawasawa. Mmoja wetu, ambaye simtaji kwa kuwa watoto wake ni jirani zenu, alimletea chupa ya moshi, ile pombe ya kuchemshwa iliyokuwa imekatazwa na serikali. Hata huyo alidhani anamheshimu. Mzee aliyekaa peke yake mchana kutwa na magoti yanayouma angefanya nini? Lubisi yenyewe siisemi vibaya, imenilisha na imesomesha wanangu. Na kwake yeye ilikuwa pia dawa, alilala usingizi. Lakini alianza kunywa asubuhi. Asipopata, mikono ilitetemeka. Akawa anaanguka akienda nyuma ya nyumba. Tuliona. Tulipokutana sokoni Nshamba tuliulizana, "Ta hajambo?" na kujibizana kwamba hajambo, na kila mmoja akarudi kukamua.

Siku moja nilipeleka kibuyu changu nikawakuta wageni wa kanisani wamekuja kumsalimia. Ta alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha duara, anazungumza nao, nasi sote tukaona maji yakishuka kutoka kwenye kiti mpaka kwenye nyasi zilizotandikwa chini. Yeye mwenyewe hakujua, au alijua akaendelea kuzungumza. Mpaka leo sijui. Mgeni mmoja akainua miguu yake taratibu, kama mtu anayepisha siafu. Kokugonza akaja na fungu la nyasi mpya, akatandika juu yake bila kuinua macho. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni na kibuyu mkononi. Nikakiweka chini kando yake, kama desturi, nikamwamkia kwa heshima, "Kasinge waitu," nikaondoka.

Kokugonza akanifuata njiani kwenye migomba. Alikuwa mwanamke mkimya, na kwetu mkwe wa kike hasemi na baba wa mume wake habari za namna ile. Hata chakula alimwekea akageuka. Akaniambia, "Baba Anna, mimi siwezi kumwambia. Mume wangu nimemwambia, anasema hawezi kumnyima baba yake. Wewe anakupenda. Kwa nini usimletee omuramba? Ni tamu, haina kosa, na kibuyu kitakuwa kimeletwa."

Nilifurahi. Nilidhani ni hekima kubwa: heshima ibaki, pombe iondoke. Nikakamua, nikachukua maji matamu kabla ya kutia mtama, nikayapeleka. Nikayamimina ndani ya kibuyu cha Ta mwenyewe, kile cheusi alichokuwa nacho tangu ujana wake, kilichong'arishwa na moshi na viganja, maana hakunywa katika kingine.

Mnacheka? Mnajua tayari kosa langu. Mkamuaji mzima nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa mkamuaji analijua, kwamba kibuyu kilichokaa na lubisi miaka mingi kimekuwa lubisi chenyewe. Utamimina maji matamu asubuhi, na jioni yanachemka povu. Nilipopita siku ya pili nilimkuta amelala hoi kuliko kawaida, na kibuyu kitupu. Alipoamka akaniambia pombe yangu ilikuwa changa lakini ina nguvu kama fahali, nimefanyaje? Nikasema sijui, waitu.

Baada ya hapo Kokugonza akatafuta kibuyu kipya kinachofanana na kile cha zamani. Akakining'iniza juu ya jiko kikashika weusi. Alikisugua kwa mafuta na majivu kila siku. Akaniambia tuwe tayari, maana mchumba wa binti yake amepatikana na siku ya posa inakuja. Aliogopa kwamba mbele ya wakwe mzee ataanguka, au litatokea lile la kiti. Binti, Nyamwiza, alikuwa mtoto mzuri mwenye haya kama mama yake. Familia ya kijana ilikuwa ya Nshamba, watu wenye jina. Tukio moja tu lingetosha kuwafanya waseme asante na kupotea.

Kwa posa, kama mjuavyo, upande wa kijana ndio unaoleta pombe. Nao watu wa Nshamba wakaja kuniajiri mimi niikamue, kwa kuwa walijua mimi ni mwanafunzi wa babu wa binti na walitaka kumpendeza. Mimi na Kokugonza tukasema Mungu ametusaidia. Nitakamua pombe ya wageni wote, nzuri, na kibuyu cha kwanza cha Ta nitakitia omuramba katika kibuyu kipya kisafi. Ataonja, atakaa salama, sherehe itapita. Wale wa Nshamba hatukuwaambia. Tungewaambia nini? Tuseme babu wa binti mnayemtaka ni mlevi?

Na hapa ndipo aibu yangu inapokaa. Nimeliandika hili mara tatu nikafuta.

Siku ilipofika nyumba ilitandikwa nyasi mpya mpaka mlangoni. Kagaruki alikuwa amerudi kutoka mjini, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Ta aliletwa akakalishwa, naye amevaa kanzu nyeupe na koti. Asubuhi hiyo Kokugonza hakumpa kitu, kwa hiyo alikuwa macho kabisa, na mikono yake ilianza kutetemeka. Akaiingiza ndani ya mikono ya kanzu. Wageni wakaingia, wakasalimia, wakapewa kahawa za kutafuna. Mshenga wao alikuwa mtu mnene mcheshi aliyeitwa Ta Byabato. Alisema maneno ya desturi kwa ustadi, kwamba wamepita wakaona ua zuri katika boma hili. Kisha akaamuru pombe iletwe.

Mimi ndiye niliyeibeba. Nikapiga goti mbele ya Ta Rwechungura, nikaweka kibuyu. Na nilipokuwa bado nimepiga goti, Ta Byabato akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mzee wetu, hii ndiyo heshima yetu kwako. Ukiipokea, umetupokea."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Kibuyu kile hakikuwa changu tena wala cha Kokugonza. Kilikuwa cha watu wa Nshamba, na ndani yake mlikuwa na maji ya watoto. Kumpelekea mkubwa omuramba siku ya posa ni kumwambia kwamba yeye si mtu mzima, na nyumba yake si nyumba. Kuna posa zimevunjika kwa sababu ya pombe iliyotiwa maji tu. Ta akitema na kusema kweli, na alikuwa mtu wa kusema kweli hasa juu ya pombe, wale watu wasio na kosa wangefukuzwa mbele ya majirani, na Nyamwiza angebaki bila mchumba. Nilimtazama Kokugonza pale alipokaa na wanawake karibu na jiko. Naye alikuwa ameelewa. Alikuwa ameshika mdomo.

Ta akainama, akashika mrija kwa midomo bila kutoa mikono. Akavuta.

Aliacha. Mashavu hayakusogea. Ulimi ule uliokuwa ukijua haraka ya mwanamke aliyekaanga mtama, haukuweza kukosa kujua kwamba hapakuwa na mtama. Akanitazama mimi, si mshenga. Kisha akamtazama mkwewe. Kisha akatazama kibuyu chenyewe, rangi yake, ubavu wake, akaona si chake.

Akameza.

"Imeiva," akasema.

Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilidhani tumeokoka. Nilikuwa mjinga hata hapo, maana nilisahau kinachofuata. Mkubwa akisha kuonja, humpa mgeni mkuu kibuyu hicho hicho, avute kwa mrija huo huo, ndipo wawe wamekuwa ndugu. Ta Byabato alikuwa tayari amesogea mbele na mikono yote miwili imenyooshwa.

Ta Rwechungura hakumpa. Alitoa mikono kwenye kanzu, ikitetemeka mbele ya wote, akakumbatia kibuyu kifuani. Akavuta tena. Akavuta tena. Ta Byabato akabaki na mikono yake hewani, akacheka kidogo, akasema, "Mzee, nasi tuna kiu."

Ta akasema, "Hiki ni changu. Mletee kingine."

Kagaruki akainama, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, mpe mgeni."

"Nimesema changu."

Kisha mmoja wa vijana wa Nshamba akacheka puani, mwingine akafuata, na Ta Byabato, ambaye alikuwa mtu mwema na hakutaka siku iharibike, akageuza jambo kuwa mzaha. Akasema sasa ameona kwa nini watu wa Kishanda wanasifiwa kwa pombe, haitoki nje ya nyumba. Wote wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Huyo akiishika haachi, tunamjua," na wakacheka zaidi. Nikakimbia kuleta kibuyu kingine chenye lubisi halisi, mshenga akanywa, akaisifu, na mazungumzo yakaendelea. Kagaruki alikuwa ameinamisha uso kwa haya. Na Ta aliendelea kuvuta maji yale matamu mpaka mrija ukalia chini ya kibuyu, huku wakimwangalia na kukonyezana. Alipomaliza akakigeuza kinywa chini, akakiweka nyuma ya kiti chake mahali ambapo hakuna mgeni angeweza kukifikia.

Posa ilipita. Nyamwiza alikubaliwa.

Wageni walipoondoka, na Kagaruki akiwasindikiza, Ta aliniita. Kokugonza alikuwa akiokota vibuyu, akataka kutoka, lakini Ta akamwambia abaki. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakizungumza uso kwa uso.

Akasema, "Kibuyu mmekipaka vizuri. Nani alikipaka?"

Kokugonza akasema kwa sauti ambayo sikuisikia vizuri kwamba ni yeye.

"Una mkono mzuri." Kisha akanigeukia. "Na wewe. Wamekwenda njiani wanasema babu wa bibi harusi ni mlevi asiyeweza kumwachia mgeni mrija. Watasema mpaka nife. Nami leo sijanywa hata tone."

Nikasema, "Nisamehe, waitu. Tulitaka kukusaidia."

"Najua mlitaka nini. Mimi si mtoto, ingawa mmenipa kinywaji chake." Akashika goti lake. "Miaka mingapi mnaniletea? Mnaleta, mnapiga goti, mnaweka, mnakwenda. Mmoja wenu amewahi kuniuliza kama nataka?"

Nilitaka kusema kwamba haiulizwi, kwamba mdogo hamwulizi mkubwa atakunywa au hatakunywa, ni kama kumwuliza kama bado ni mkubwa. Lakini nadhani alilijua hilo kuliko mimi.

Akasema, "Nisingeweza kukataa. Nikikataa chako, utasema nimekutupa. Nikikataa cha mwenzako, naye vilevile. Basi nikanywa vyote. Kuna siku niliomba Mungu mvua inyeshe wiki nzima, ndizi zenu zisiive." Akacheka, lakini peke yake. "Kesho uje. Uje na viwili. Uniulize."

Nilirudi nyumbani sikula. Kesho yake nikaenda na vibuyu viwili, kimoja lubisi, kimoja omuramba, vyote wazi bila hila. Nikapiga goti. Nimekanyaga ndizi za watu wakubwa, nimetukanwa na karani kwa lugha tatu, lakini sijawahi kupata kazi ngumu kama kusema maneno yale machache kwa mzee yule. Mwisho nikasema, "Ta, leo unywe kipi?"

Mikono yake ilikuwa vibaya siku hiyo, na jasho lilimtoka, na Kokugonza alisema usiku alikuwa akiona vitu visivyokuwepo ukutani. Akasema, "Changanya." Nikachanganya nusu kwa nusu. Na nisiwadanganye kwamba hekima hiyo ilikuwa yangu, ilikuwa yake, yeye ndiye aliyejua mwili wake. Ukimkatia mzee ghafla aliyekunywa miaka yote, unaweza kumwua. Hilo nililisikia baadaye kwa dresa wa zahanati, lakini Ta alilijua kwa kulihisi. Alipunguza polepole, nusu, kisha robo. Nilizunguka kwa wenzangu wote nikawaambia neno alilosema. Wengine walikubali. Wawili walinikasirikia, wakasema nataka Ta awe wangu peke yangu, na siwezi kuwalaumu sana maana huko nyuma tulikuwa tukishindana kweli. Mmoja hakuacha kupeleka, na ziko siku Ta alimwambia ndiyo, akalewa, akaanguka. Sitasema aliacha. Hakuacha. Lakini kuna siku nyingi alizokaa mlangoni na akili zake zote, akiwaambia wapita njia namna wanavyotembea kama kuku.

Nyamwiza aliolewa. Siku ya harusi Nshamba, watu wa huko walimpokea Ta kwa vicheko vya upendo, na kijana mmoja akamwekea kibuyu kikubwa mno mbele yake, akasema, "Hiki chako peke yako, babu, hatukuombi." Ta akamshukuru. Mimi niliona nisingevumilia. Nikamchukua Ta Byabato pembeni nyuma ya migomba, nikamweleza yote: omuramba, kibuyu kilichopakwa, kwa nini mzee hakumpa mrija. Nilisema kwamba mzee alitukinga sisi na wao pia, na kwamba siku ile hakuwa mlevi hata kidogo.

Ta Byabato alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipigapiga begani, macho yamemjaa huruma, akasema mwanafunzi mwema ni yule anayemfunika mwalimu wake, na kwamba Ta Rwechungura alipata bahati kuwa na mtu kama mimi. Nikamwapia kwa jina la Mungu. Akasema nisiape, si lazima, wao wamekwisha kumpenda mzee jinsi alivyo. Akarudi ndani, nikamsikia akiwaambia wenzake kitu, wakacheka tena, bila ubaya wowote.

Hiyo ndiyo imebaki. Nikienda Nshamba hata leo, wazee wachache waliobaki wananisimulia mimi, mimi, habari ya mzee wa Kishanda aliyekumbatia kibuyu. Nimewaambia mara nyingi. Hawaamini. Haya inanipanda usoni kila mara, na nadhani inanistahili, ingawa pengine najipa ukubwa nisio nao.

Jioni ile ya harusi nilimrudisha Ta nyumbani polepole, ameegemea bega langu, na Kokugonza nyuma yetu amebeba kiti chake. Nikamweleza niliyomwambia mshenga na alivyonijibu. Nilitegemea atakasirika kwamba nimesema. Alisimama katikati ya njia, akacheka mpaka akakohoa, akashika kifua, akaniuliza kama Ta Byabato kweli alinipigapiga begani. Nikasema kweli. Akacheka tena.

Kisha akafuta macho, akageuka kumtazama mkwewe, akanitazama mimi.

"Leo hujaniuliza," akasema.

Nikasema nilidhani kwa kuwa ni harusi, na watu ni wengi, na kibuyu kile kikubwa kilikuwa tayari mbele yake.

"Sikukigusa," akasema. "Nilikuwa nakusubiri. Basi uliza."